Sultani Aliyedaiwa Kuku Saba

Hapo zamani, wakati kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na njia yake ya kuwatoa watu jasho, palikuwa na miji mitatu iliyopakana: Mtondooni bondeni kwenye joto, Wangani katikati, na Kirunge juu mlimani kwenye baridi. Kodi ya nyumba ilitozwa katika miji yote mitatu, lakini sheria ya kumshika asiyelipa haikuwa moja, na kila mji uliamini kwamba sheria yake ndiyo ya watu wenye akili na zile nyingine ni za washamba.

Mtondooni alitawala Sultani Sabiti, mtu mnene, mcheshi akishiba, mkali akiwa na njaa, na mpenda sheria kuliko mpenda watu. Yeye aliamrisha kwamba mwenye nyumba alete kodi kwa mkono wake mwenyewe siku ya mwaka mpya, asimtume mtu. Asiyetokea, deni lake hunadiwa sokoni kesho yake. Anayelinunua humlipa Sultani ile kodi, kisha humngoja mwenye nyumba kwa miezi mitatu. Mwenye nyumba akija kujikomboa hulipa deni na nyongeza. Asipokuja, nyumba inakuwa ya mnunuzi na maneno yamekwisha. Sultani aliipenda sana sheria hii, kwa kuwa hazina yake ilijaa bila yeye kumfuata mtu mlangoni, na kwa kuwa aliyeitunga ni yeye mwenyewe.

Mnunuzi mkubwa wa madeni hayo aliitwa Mwinyi Kondo. Alikuwa tajiri mwembamba, mwenye miguu mirefu na maneno mengi, na alizunguka miji yote mitatu akinunua kodi za watu kama wengine wanavyonunua mbuzi. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa tu na ugonjwa wa kutoweza kuona paa bila kujiuliza kama limelipiwa.

Basi ikawa mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya mwaka mpya, mume wa Bi Mwanakheri akafariki dunia. Bi Mwanakheri akaingia eda kama wanawake wote waliofiwa, akakaa ndani, hatoki nje wala hatembei njiani, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Nyumba ile ilikuwa yake, aliachiwa na mama yake, na ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho hapa duniani, pamoja na mpwawe aliyeitwa Feruzi. Na Feruzi naye ukimhesabu kuwa mali utakuwa umekosea hesabu, maana hakuwa na shamba, hakuwa na duka, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani na kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Watu walimwita mjinga mchana, na jioni wakaja kumwomba ushauri.

Siku ya mwaka mpya Bi Mwanakheri akamfungia Feruzi fedha katika kitambaa, akamtuma kwa mpokea kodi.

Mpokea kodi akamtazama toka utosini hata nyayoni, akasema, "Wewe ndiwe mwenye nyumba?"

"Mimi hata kikombe sina," akajibu Feruzi. "Mwenye nyumba ni shangazi yangu, naye yumo edani. Hawezi kutoka."

"Sheria yasema kwa mkono wake mwenyewe."

"Basi njoo wewe, uufuate mkono wake ulipo."

"Sheria haisemi kwamba mimi nitembee," akasema mpokea kodi, akamwita mtu wa nyuma.

Kesho yake deni la Bi Mwanakheri likanadiwa, Mwinyi Kondo akalinunua. Miezi mitatu ikapita bibi yumo ndani na fedha zake zimo mkononi. Alipotoka edani akaenda moja kwa moja kwa Mwinyi Kondo ili ajikomboe, na Mwinyi Kondo, baada ya kumpa pole nyingi za msiba, akamwambia kwamba muda umepita na nyumba si yake tena. Lakini kwa kuwa alikuwa anajiandaa kwa safari ya kununua madeni Wangani na Kirunge, angeuchukua ufunguo atakaporudi. Bi Mwanakheri akarudi nyumbani, akakaa kizingitini, akalia. Hakumlilia hata marehemu mumewe kwa kilio kile, maana mumewe alichukuliwa na Mungu, na nyumba hii inachukuliwa na kalenda.

Feruzi hakuweza kustahimili kumwona vile. Akamshika mkono wakaenda wote wawili kwa Sultani, wakamkuta bahati mbaya kabla ya chakula cha mchana.

"Bwana wangu, Mungu akuweke," akasema Feruzi. "Wewe umempa mtu miezi mitatu ya kujikomboa, na dini imemfungia ndani miezi minne na siku kumi. Sasa huyu mama angepitia wapi?"

"Sheria ni sheria," akasema Sultani Sabiti. "Nikianza kusikiliza sababu, kesho kila mtu atakuwa na sababu. Mimi nimeishi miaka mingi, na nimeona kwamba wanaochelewa kodi ni wa aina mbili: wavivu na wasio na kitu. Mtu mwenye akili timamu, mwenye mali, mwenye afya, hawezi kupoteza nyumba kwa sababu ya kodi."

"Kumbe hawezi?"

"Hawezi! Na nakwambia hivi, Feruzi, kwa kuwa wewe ni mtu wa maneno. Niletee mtu mmoja mwenye hadhi, mwenye mali, asiye mgonjwa, asiye edani wala msibani, aliyepoteza nyumba kwa kodi aliyoweza kuilipa. Aseme mbele yangu kwa kinywa chake. Ukimleta kabla ya Mwinyi Kondo kuuchukua ufunguo, shangazi yako atarudishiwa nyumba. Usipomleta, utafagia zizi la punda wangu mpaka mvi zikutoke puani."

Watu wa barazani wakacheka, maana walijua hakuna mtu wa namna hiyo Mtondooni, na kama yupo hatakubali kujitangaza. Feruzi akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, na nitatii." Akamrudisha shangazi yake nyumbani, kisha akaenda kwa Mwinyi Kondo kuomba kazi ya kumbebea mzigo safarini.

Mwinyi Kondo akamkubali kwa furaha, kwa sababu alikuwa na godoro zito na pia alihitaji mtu wa kumsikiliza. Wakatoka alfajiri, tajiri mbele na Feruzi nyuma na godoro kichwani, na tangu hatua ya kwanza Mwinyi Kondo akawa anamfundisha biashara yake.

"Mtu asiyejua hii kazi," akasema, "hudhani deni ni deni. Sivyo! Kila mji una mambo yake. Kwetu Mtondooni unangoja miezi mitatu kisha unapata nyumba. Wangani nyumba huipati hata ungoje mpaka Kiyama. Unalipa kodi ya mwenzio, naye siku akipata anakurudishia na robo juu yake. Nyumba hainyang'anywi."

"Mbona hiyo ni nzuri kwa mwenye nyumba?"

"Ni nzuri kwa kila mtu, ndiyo maana hainitajirishi upesi. Sasa Kirunge! Kirunge huko unalipa leo, unaingia leo. Mwenye nyumba akitaka kurudi, sharti aje mwenyewe kwa miguu, apige hodi mlangoni pake kama mgeni, na aliyemo ndani amtajie bei. Bei yoyote aipendayo. Akikubali anarudi, asipokubali anakwenda zake."

"Basi Kirunge watu wote wamekwisha kunyang'anywa."

"Hata mmoja!" akasema Mwinyi Kondo kwa masikitiko ya kweli. "Malkia Mwana Shali anatoza kuku mmoja kwa mwaka. Kuku! Nani atakosa kuku? Anasema anataka kodi ambayo hata maskini anaweza kuifuga. Ninapanda mlima ule kila mwaka kwa matumaini tu." Halafu akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yao, akashusha sauti. "Kuna nyumba moja tu inayonadiwa, na inanadiwa kila mwaka, na hakuna anayethubutu kuinunua."

"Ya nani?"

"Ya bwana wetu. Ile anayokwenda kupumzikia wakati wa joto. Tangu aijenge hajalipa. Nadhani hajui hata kama anadaiwa, au anajua na anaona haya, maana sultani atamshikaje kuku kwapani?"

 Feruzi akaliweka godoro vizuri kichwani, akaanza kutembea upesi kidogo.

Walipofika Wangani, Mwinyi Kondo akakusanya madeni yake ya zamani. Mfinyanzi mmoja, ambaye tajiri alikuwa amemlipia kodi mwaka uliotangulia, hakuwa na fedha, akamlipa kuku sita katika tenga. Kuku wale hawakunyamaza. Walipiga kelele chumbani, walichafua kanzu ya tajiri, na mmoja akataga yai ndani ya kiatu. Mwinyi Kondo akakaribia kulia.

"Bwana," akasema Feruzi, "ujira wangu mpaka Kirunge ni kiasi gani?"

Mwinyi Kondo akamtajia.

"Nipe kuku hawa tukubaliane."

"Wachukue wote! Wachukue sasa hivi!" akasema Mwinyi Kondo, naye akamhurumia moyoni kwa ujinga wake, maana nani anayepandisha mlima na godoro kichwani na tenga la kuku mkononi?

Wakafika Kirunge siku ya mnada. Watu wamejikusanya sokoni wamejifunika mablanketi, na mnadi wa Malkia amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Akapiga upatu, akasema kwa sauti ya mtu anayerudia jambo lililomchosha, "Nyumba ya mawe yenye bustani, mali ya Sabiti wa Mtondooni. Hajaleta kodi miaka saba. Kuku saba! Nani anao?"

Watu wakatazama mawingu. Mwinyi Kondo akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi ninao," akasema Feruzi.

"Nyamaza, wazimu wee!" Mwinyi Kondo akamvuta shati. "Unataka kukatwa kichwa?"

Lakini Feruzi alikwisha kufika mbele na tenga lake. Mnadi akahesabu, akakuta kuku sita. Basi Feruzi akavua kofia yake, kofia ya viua aliyoshonewa na shangazi yake, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa na kuku wa kuuza, naye akampa kuku wa saba. Liwali wa Malkia akamkabidhi Feruzi hati mbele ya watu wote, akampeleka mpaka mlangoni na kumwingiza ndani. Feruzi akafagia, akakoka moto, akaketi. Mwinyi Kondo akakodi chumba nyumba ya pili, eti ana homa ya baridi na hawezi kusafiri. Kwa kweli alitaka kuona mwisho wake.

Joto likapanda Mtondooni kama kawaida yake, na Sultani Sabiti akatoka na waziri wake na watu wachache kwenda kupumzika mlimani. Walikuja juu ya punda, Sultani akilalamika njia nzima, na walipokaribia Kirunge mvua ya mlimani ikaanza kunyesha, ile nyembamba inayoingia mpaka mifupani. Sultani alikuwa hajala tangu asubuhi. Akashuka mbele ya nyumba yake akiwa na furaha ya kuona moshi unapanda paani, akausukuma mlango, akakuta umefungwa.

"Fungueni!" akapiga ngumi.

"Nani huyo anayegonga mlango wa watu bila hodi?" sauti ikatoka ndani.

Sultani akapigwa na butwaa. Akapiga kelele, akaita watu wake wauvunje mlango, lakini wakati huohuo liwali wa Malkia akatokea na askari wake, akamwamkia kwa adabu kubwa kabisa.

"Karibu Kirunge, Bwana," akasema liwali. "Nyumba hii imeuzwa kwa kodi. Ulikuwa unadaiwa kuku saba."

"Kuku?" akasema Sultani. "Kuku? Mimi? Hakuna aliyeniambia!"

"Tumenadi kila mwaka sokoni, Bwana, na kila mwaka ulikuja ukapumzika humu humu ndani. Lakini sheria yetu ina huruma. Piga hodi, aliyemo atakutajia bei ya kujikomboa."

"Mimi nipige hodi kwangu?"

"Si kwako tena, Bwana," akasema liwali.

Sultani akamtazama waziri, na waziri akaitazama mvua. Wangeweza kurudi bondeni, lakini punda walikuwa wamechoka na usiku ulikuwa karibu, na kupigana na Malkia kwa ajili ya kuku kungekuwa kichekesho cha miaka mia. Watu wa Kirunge walikuwa wameanza kujikusanya. Basi Sultani Sabiti wa Mtondooni akajikohoza, akaukaribia mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Mimi. Sabiti."

"Ulikuwa unaishi hapa, Bwana Sabiti?"

"Ndiyo! Nimeijenga kwa fedha yangu!"

"Na imekuwaje ukaipoteza? Labda ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Basi ulikuwa na msiba, maskini. Ulikaa eda?"

Watu wakaanza kucheka chini kwa chini. "Mwanamume anakaaje eda?" akafoka Sultani. "Sikuwa na msiba."

"Ahaa. Basi hukuwa na kitu. Kuku saba ni wengi kwa mtu asiye na kitu."

"Ninaweza kununua kuku wote wa mlima huu na mlima wenyewe!" akasema Sultani, maji yanamtiririka kwenye ndevu. "Nilisahau tu! Nina mambo mengi. Mtu yeyote anaweza kusahau!"

 Kisha kitasa kikalia, mlango ukafunguka nusu, na Feruzi akatokea kichwa wazi, akainama mpaka chini.

"Bwana wangu, Mungu akuweke," akasema. "Uliniamrisha nikuletee mtu mwenye hadhi na mali, asiye mgonjwa wala msibani, aliyepoteza nyumba kwa kodi aliyoweza kuilipa, aseme kwa kinywa chake mbele yako. Nimetafuta miji mitatu. Huyo hapo amesimama mlangoni, tena analowa."

  Sultani alimwona tena mawazoni yule mjane aliyesimama mbele yake siku ile na fedha zake mkononi, akataka kulipa akakataliwa, na akaona aibu, aibu ya kweli, ile isiyokwenda hata ukiukunja uso. Halafu harufu ya mchuzi ikatoka ndani ikampata puani, akatazama kilemba chake kinavyotona, akatazama watu wa Kirunge walivyoshikana mbavu, na kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka ikabidi ashike mwimo wa mlango.

"Taja bei yako, mwanaharamu wee," akasema alipopata pumzi.

"Nyumba ya Bi Mwanakheri irudi kwa Bi Mwanakheri. Na siku za eda zisihesabiwe katika miezi ya kujikomboa, kwake na kwa mwanamke mwingine yeyote."

"Imekuwa. Na nini tena?"

"Na mimi?" Mwinyi Kondo akachomoza kichwa dirishani kwake, na homa yake yote imepona. "Nyumba ile nimeinunua kwa haki!"

"Wewe utarudishiwa ulichotoa na robo juu yake, kama Wangani," akasema Sultani. "Wasemaje?"

Mwinyi Kondo akapiga hesabu kwa vidole, akasema robo si haba, akafunga dirisha.

"Basi karibu, Bwana," akasema Feruzi, akaufungua mlango wote. "Ingia ukauke."

Aliporudi bondeni, Sultani hakumtuma mtu kwa Bi Mwanakheri. Alikwenda mwenyewe, akasimama kizingitini, akapiga hodi. Bi Mwanakheri alikuwa anaswali, hakuitika, na Sultani akasimama juani huku watu wanapita wanamwamkia na kujifanya hawakuona kitu. Alipomaliza sala zake akamkaribisha. Sultani akamwambia, "Mama, nyumba ni yako, na nilikukosea," na bibi akajifunika uso kwa shuka akalia tena, safari hii kwa furaha, kisha akamkaangia mayai.

Sultani akala, akashiba, akawa mcheshi. Akamgeukia Feruzi aliyekaa mlangoni, akasema, "Ile nyumba ya Kirunge nimeipenda zaidi tangu nisimamishwe nje. Lakini wewe umenifunza jambo, na sultani hafunzwi bure. Ichukue. Nakupa na bustani yake."

Shangazi akashika kifua kwa furaha. Lakini Feruzi akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Nisamehe, Bwana wangu!" akasema. "Sasa hivi mimi peke yangu ndiye nisiyedaiwa na miji yote mitatu. Ukinipa nyumba, Mwinyi Kondo ataanza kuniamkia."

Sultani akacheka mpaka yai likampalia, waziri aliyekuja naye akampiga mgongoni. Ikawa badala ya nyumba Feruzi akapewa kula kwa Sultani kila Ijumaa maisha yake yote, na Bi Mwanakheri hakusema naye siku mbili nzima.

"Nyumba ya mawe, Feruzi!" akasema hatimaye, akimsukumia sahani. "Na bustani! Mtu mjinga kama wewe sijapata kumzaa wala kumlea. Haya, kula."

Hekaya yetu imefika ukingoni. Aliyeipenda amsimulie rafiki yake, na aliyeichukia amsimulie adui.